Kuvua Samaki na Kumrudisha Majini

Bwana Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba niandike habari za kazi yangu, kwa kuwa, asema, wanafunzi wa siku hizi wanauliza sana juu ya mchezo wa kuvua samaki kwa ufito. Nimekubali kwa furaha, ila naomba radhi mapema kwa Kiswahili changu. Mimi ni mtoto wa Wanseko, pale Mto Nile unapoingia katika Ziwa Albert, na Kiswahili chetu cha huko ni cha ufukweni na sokoni, chenye Kialur ndani yake na maneno ya Wakongo wavukao na mitumbwi. Mwalimu wetu wa Kiswahili hapa shuleni alikuwa akikitia wino mwekundu kila wiki.

Kwetu kuvua ni kazi, si mchezo. Mjomba wangu aliyenilea ni mvuvi wa nyavu, na karo yangu ya shule ilitoka katika nyavu zile. Likizo ya Desemba mwaka 2009, nikiwa kidato cha tatu, nilipata kibarua katika boti la bwana mmoja aliyekuwa akiwapeleka wageni kuvua chini ya Maporomoko ya Murchison. Kazi yangu ilikuwa kushika nanga na kuchota maji yaingiayo botini. Niliporudi nyumbani nilimweleza mjomba niliyoyaona: mgeni alilipa fedha nyingi, akakaa juani siku mbili bila kupata kitu, siku ya tatu akamvua samaki wa kilo thelathini na kitu, akapigwa naye picha, kisha akamwachia aende zake.

Mjomba aliweka chini sindano ya kushonea nyavu, akaniuliza, "Mpwa wangu, mtu huyo mlimpeleka kwa daktari?"

Siku ile sikuweza kumjibu. Makala hii ni kama jibu langu kwake, ingawa limechelewa na wala si kamili.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa mchezo huu si wa jana. Katika nchi ya Misri ya kale ziko picha za makaburini zimwonyeshazo bwana mkubwa ameketi kando ya kidimbwi cha bustani yake, ameshika ufito wenye mishipi, na ni dhahiri kwamba mtu yule hakukosa chakula nyumbani. Huko Uingereza kitabu juu ya kuvua kwa ufito kilipigwa chapa mwaka 1496, na kingine, cha Izaak Walton, kilitoka mwaka 1653, nacho kimechapishwa tena na tena hata leo. Katika Marekani chama cha wavua samaki wakubwa wa baharini kilianzishwa katika Kisiwa cha Santa Catalina mwaka 1898, kikaweka kanuni kwamba mshipi uwe mwembamba na ufito uwe mwepesi, ili samaki naye awe na nafasi yake. Mwaka 1939 kikaundwa chama cha dunia nzima, kiitwacho International Game Fish Association, ambacho mpaka sasa ndicho kiwekacho kanuni na rekodi.

Afrika Mashariki nayo iliingia katika mchezo huu mapema. Mwaka 1905 bwana mmoja aitwaye Ewart Grogan aliagiza mayai ya samaki aina ya trauti kutoka Scotland, nayo yakatiwa katika Mto Gura wa milima ya Aberdare, Kenya. Fikiri safari ile: mayai ya samaki kupita baharini, kisha kwa gari moshi, kisha juu ya vichwa vya wapagazi, yasipate joto hata siku moja! Hayo yote ili watu wachache wapate kucheza wanavyocheza kwao. Hakuna aliyewauliza wenyeji wa milimani kama wanataka samaki.

Lakini samaki wa kwetu hakuhitaji kuletwa na mtu. Waganda na Wanyoro humwita mputa, Wajaluo mbuta, na Watanzania sangara. Nitatumia jina la sangara, kwa kuwa ndilo la Kiswahili, ingawa ulimi wangu hauna raha nalo. Ni samaki wa Nile tangu zama za kale. Katika mji wa Esna, huko Misri, watu wa kale walimheshimu hata wakamkausha na kumfunga sanda kama walivyofanya kwa wafalme wao, na Wayunani waliuita mji ule Latopolis, yaani mji wa samaki huyu.

Wengi wenu mmefika Maporomoko ya Murchison kwa safari za Jiografia, basi sitayaeleza kwa urefu. Nile yote hujibana katika mwanya wa mita 7 hivi, ikaanguka mita 43 hivi. Samaki hawezi kuupanda ukuta ule. Ndiyo sababu tangu kale sangara walikuwa chini ya maporomoko na katika Ziwa Albert, na juu ya maporomoko, yaani Kyoga na Victoria, hawakuwako. Jambo hili likumbukeni, nitalirudia.

Chini ya maporomoko maji yana povu na hewa nyingi, na sangara ni samaki apendaye hewa nyingi. Akiwekwa katika maji yaliyolala hufa upesi. Yeye hasimami katikati ya mkondo ajichoshe bure. Hukaa pembeni, nyuma ya mwamba, pale maji yanapozunguka na kurudi nyuma, akingojea samaki wadogo wanaoletwa na mkondo hali wamelewa. Kwa hiyo mvuvi mwenye akili hatupi mshipi popote tu. Huyasoma maji kwanza. Hutafuta mstari ule mwembamba wa povu utenganishao maji yaendayo na maji yarudiyo, akatupa chambo chake juu ya mstari huo, awe samaki hai au samaki wa bandia aliyechongwa kwa mti au plastiki.

Sasa hapa ndipo wageni wangu wengi hushangaa. Huuliza, "Mshipi wangu hukatika kwa uzito wa kilo 25. Nitamvuaje samaki wa kilo 50?" Mwanafunzi aliyemsoma Archimedes vizuri ataweza kujibu. Samaki ndani ya maji hana uzito wa kutajika, kwa kuwa mwili wake hulingana na maji, na kibofu chake cha hewa humsaidia kuelea. Mshipi haubebi uzito wake. Unashindana na nguvu zake tu. Nguvu hizo nazo hupunguzwa na vitu viwili. Cha kwanza ni ufito wenyewe, ambao hupinda na kuumeza mshtuko wa kila mvuto. Cha pili ni breki iliyo ndani ya kigurudumu cha kukunjia mshipi. Breki hiyo hukazwa kiasi cha robo au theluthi ya nguvu ya mshipi. Samaki akivuta kuzidi hapo, kigurudumu huteleza na kumwachia mshipi aende nao, nao haukatiki. Akichoka, mvuvi huinua ufito polepole, halafu huushusha upesi huku akikunja. Huinua tena, hushusha tena. Mgeni asiyejua hukaza breki kabisa kwa hofu, na mara husikika mlio kama wa bunduki ndogo, mshipi umekwenda.

Sangara hana mbio ndefu kama samaki wa baharini. Yeye hushika chambo kwa kishindo, akaenda chini kati ya miamba, kisha ghafula huruka juu ya maji akitikisa kichwa, mdomo wazi, matamvua yote yakionekana mekundu. Hapo ndipo ndoana nyingi hung'oka. Nimeona mtu mzima, mwenye cheo kikubwa mjini, akiketi chini ya boti na kulia kwa sababu ya samaki aliyeng'oka hivyo. Sikumcheka, maana mimi nami nimewahi kulia, japo si mbele ya watu.

Rekodi ya dunia ya sangara aliyevuliwa kwa ufito ni ratili 230, yaani kilo 104 na kidogo, nayo ilipatikana katika Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000. Zamani ilikuwa ya jirani zetu: mwaka 1991, karibu na Kisiwa cha Rusinga huko Kenya, alivuliwa mmoja wa ratili 191 na nusu. Ili rekodi ikubaliwe, mvuvi lazima apigane na samaki peke yake. Mtu mwingine akiugusa ufito au kigurudumu wakati wa mapambano, hata kwa wema, rekodi imekufa. Kwa hiyo mimi nahodha hufunga mikono yangu nyuma na kusema kwa mdomo tu.

Nikiwa katika habari za watu mashuhuri, wasomaji wa vitabu watapenda kujua ya kuwa Ernest Hemingway, aliyeandika hadithi ya mzee mvuvi na samaki wake mkubwa mwaka 1952, karibu afe katika mto wetu. Januari 1954 ndege yake ndogo iligonga waya wa simu karibu na maporomoko, ikaanguka. Yeye na wenziwe walilala usiku porini, wakachukuliwa na mashua mpaka Butiaba. Hapo wakapanda ndege nyingine, nayo ikashika moto ikijaribu kuruka! Watu walikwisha tangaza katika magazeti kwamba amekufa. Baadaye, pamoja na majeraha yake, alikwenda Shimoni, pwani ya Kenya, ambako ilikuwa imepangwa kambi ya kuvua. Wazee wa Butiaba bado huonyesha mahali, ingawa kila mzee huonyesha mahali pake.

Pwani ya Kenya ndiko mchezo huu ulikoshika mizizi zaidi, Malindi, Watamu na Shimoni, kwa ajili ya sulisuli na nduaro. Huko desturi ya sasa ni kumtia samaki kibandiko chenye namba mgongoni na kumwachia. Akivuliwa tena mahali pengine, wataalamu hujua amesafiri wapi na kwa muda gani. Samaki mmoja aliyeachiwa huleta elimu kuliko kumi waliotundikwa ukutani.

Nami sasa nifike kwenye jambo ambalo nisingependa kulisema, lakini bila hilo makala hii ingekuwa tangazo la biashara.

Mwaka wangu wa pili katika boti tulipata sangara mkubwa sana, jike. Karibu sangara wote wakubwa ni majike, na mmoja wa kimo kile hutaga mayai kwa mamilioni. Mgeni alitaka picha nzuri. Mimi, kijana mwenye nguvu na mwenye kutaka sifa, nilimwinua kwa kumshika taya, akining'inia wima. Mgeni alibadili kamera. Akabadili upande kwa sababu ya jua. Akamwita mwenzake. Tulipomtia majini alipepea kidogo, akageuka tumbo juu, mkondo ukamchukua polepole mbele ya macho yetu, tukimfuata na boti bila kumfikia. Penye ukingo mamba alitoka, akamshika, akazama naye. Hakuna aliyesema neno mpaka Paraa.

Tangu siku ile nilijifunza kazi yangu upya. Samaki mzito huachwa ndani ya maji kadiri iwezekanavyo. Akiinuliwa, hushikwa kwa mikono miwili, mmoja chini ya tumbo, kwa kuwa ndani ya maji hana uzito, na nje uzito wake wote hulemea uti wa mgongo na matumbo yake. Chembe cha ndoana hubanwa kwa koleo kabla ya kuvua, ili ndoana itoke bila kuchana. Vidole havitiwi katika matamvua. Baada ya hapo hushikwa kichwa kikielekea mkondo, maji yapite mdomoni, mpaka yeye mwenyewe aupige mkono kwa mkia. Picha ni ya pumzi moja: mimi humwambia mgeni azuie pumzi yake samaki anapotoka majini, na akishindwa yeye, samaki naye amekwisha shindwa. Hata hivyo wapo wafao baadaye tusikowaona. Asemaye kwamba mchezo huu haumdhuru samaki hata mmoja, huyo anauza safari.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Nilisema kwamba juu ya maporomoko sangara hawakuwako. Leo wamejaa Victoria na Kyoga, nao hawakupanda ukuta. Walibebwa. Miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 walichukuliwa huku kwetu Ziwa Albert na kutiwa huko. Waliotaka hivyo walikuwa na sababu mbili: kuwageuza samaki wadogo wasio na bei kuwa nyama ya bei, na kupata samaki mzuri wa kuchezewa kwa ufito. Wataalamu waliokuwa Jinja walipinga. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika onyo lake mwaka 1960. Lakini mwaka ule ule sangara walikwisha onekana katika ziwa.

Matokeo mmeyasoma katika Biolojia. Furu, ambao Waganda huwaita nkejje, walikuwa katika Ziwa Victoria kwa mamia ya aina, aina zisizopatikana po pote pengine duniani. Kufikia miaka ya 1980 nyingi zilikuwa zimetoweka. Kwa upande mwingine viwanda vya minofu vilijengwa, meli na ndege zikapeleka samaki Ulaya, na watu wengi walipata kazi. Sitaki kuamua kesi hiyo hapa. Si sangara peke yake aliyeliharibu ziwa, maji machafu ya miji na mashamba yamo pia. Nataka tu wenzangu wa mchezo huu wajue kwamba starehe ya watu wachache ilikuwa mojawapo ya sababu za kazi ile. Nikiwasikia vijana katika boti langu wakisema ingefaa kumleta samaki fulani mkali kutoka Congo na kumtia katika bwawa la baba yao, huwasimulia habari hii mpaka wanachoka.

Je, ni kweli kwamba mchezo unakua? Nilipoanza, aliyeshika ufito alikuwa Mzungu, na Mwafrika alishika kasia. Siku hizi kila mwisho wa wiki napata watu wa Kampala na Gulu, makarani, madaktari, Wahindi wa Jinja pamoja na watoto wao, hata mabinti wawili walimu ambao hutupa mshipi kunishinda mimi. Vyombo vimekuwa rahisi kununua, barabara ya lami imefika, na kila mtu ana simu yenye kamera. Sifichi kwamba hiyo simu ndiyo sababu kubwa. Watu wengi hawavui samaki, wanavua picha.

Mwishoni mwa mwaka jana mjomba alikuja Paraa kunitazama. Hana mtumbwi tena; wake ulichomwa moto kwa kuwa ulikuwa mfupi kuliko kipimo kilichowekwa, naye hakuwa na fedha za kununua mrefu. Kulikuwa na nafasi katika boti, nikalipia kibali chake cha kuvua kama cha mgeni mwingine ye yote, kwa maana ndani ya hifadhi kila ashikaye ufito lazima awe nacho. Alikataa ufito saa mbili nzima. Alipouchukua hakuutaka ufundishaji wangu. Alitazama maji, akaniambia nisogeze boti mikono kumi kushoto, akatupa mara tatu, na mara ya tatu sangara akashika.

Alimleta mpaka ubavuni mwa boti bila kutoa jasho. Nilimpima kwa macho, kilo 20 hivi. Mjomba naye alikuwa akimpima, lakini namjua, alikuwa akihesabu shilingi: kilo kwa bei ya Wanseko, na mabondo yake pembeni, ambayo wachuuzi wa kupeleka China huyanunua kwa bei kuliko nyama. Mtumbwi mpya ungeanzia hapo.

"Nimwachie?" aliuliza.

"Ndiyo sheria ya hapa, mjomba."

"Sheria imewahi kulala na njaa?"

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina. Mgeni alipae kuvua na kuachia huleta fedha inayolipa mishahara ya watu, wangu pia, na sangara mkubwa aliye hai hulipa mara nyingi. Hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini ni hesabu yangu mimi mwenye boti. Mtu aliye Wanseko akitazama mto ule ule upitao mlangoni pake haioni katika sahani yake. Mjomba aliitoa ndoana mwenyewe, kwa ustadi kuliko mimi, akamwachia. Kisha alinawa mikono, akaomba sigara kwa mgeni mmoja, wala havuti sigara.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu akasema miamba ya upande wa kaskazini hatuivui ipasavyo. Sasa huja mara moja kwa mwezi kutuonyesha njia, nami humlipa kama mwongozaji. Si mtumbwi, lakini ni kitu.

Wanafunzi wa zamani wanaotaka kujaribu, waniandikie kwa anwani ya Mhariri. Mje na kofia, shati la mikono mirefu kwa ajili ya mbung'o, na viatu visivyoteleza. Ufito nitawapa. Asishuke mtu kunawa ukingoni, hata maji yakionekana matulivu, kwa kuwa mamba wa pale wamezoea boti na hawaogopi sauti. Wanafunzi waje na barua ya mzazi.